Picha ya Giza

Kwanza napiga picha ya giza.
Bi Somoe hanielewi. Amepanda ngazi tatu
na kitabu cha bibi yake, kimefungwa kwa leso,
nami nafunika lenzi, nazima taa, naziba dirisha,
nabofya, nangoja dakika mbili
nikipiga picha ya kitu kisichokuwapo.

"Wapiga nini, mwanangu?"

Uongo, Bi. Kila jicho lina uongo wake wa kuzaliwa nao:
vinukta vinavyowaka pasipo mwanga,
joto la mchana wa Mkomani linalojidai nuru.
Nikiupata uongo huo peke yake
nitautoa kwenye picha ya kweli,
kama karani wa duka: jumla, toa deni.

Kihisi chenyewe hakizidi kipande cha kashata.
Kifeni kinakipoza, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
huku shingo yangu inatiririka jasho.
Ni mchanga tu, namwambia,
umeyeyushwa, umetakaswa, umekatwa mwembamba.
Anacheka. Mchanga!
Lakini maji anayokunywa, maji ya mji huu,
yametunzwa na mchanga wa vilima vya Shela;
mvua hunyesha kule ikajificha chini.
Huu nao hunywa. Mwanga ukidondoka
hukaa visimani, visima milioni kumi na sita,
kila kimoja na tone lake,
kisha safu kwa safu vinapokezana ndoo
hadi ukingoni, aliko mhesabu mmoja
asiyejua kuchoka.
Kisima kimoja kimekufa, safu ya mia tisa na nne.
Nimekizoea. Majirani zake ndio hukisemea.

Ukurasa wa arobaini na moja.
Doa la hudhurungi, pana kama kiganja,
na chini yake maneno ambayo ukoo umeyagombania
tangu Bi Somoe hajavaa buibui:
Lali ashikilia ni wasia wa nyumba,
Shekuwe aapa ni dua ya kinga.
Hawasalimiani msikitini.

Mwanga wa buluu: doa.
Kijani: doa.
Mwekundu: doa, lakini limeanza kuona haya.
Punda anapita kichochoroni na mawe ya ujenzi,
meza inatetemeka, picha imeharibika.
Narudia. Punda anarudi.
Narudia.

Halafu nawasha taa ya mwisho, na chumba hakibadiliki.
"Haiwaki," asema.
Inawaka, Bi. Si kwa ajili yetu.
Kihisi kinakunywa kimya, sekunde arobaini,
na doa linaondoka kwenye kioo
kama mvuke kwenye kifuniko cha chungu.
Wino umebaki. Wino wa masizi ya taa, mweusi tii;
masizi hayabembelezeki.

Bi Somoe anafuta miwani kwa ncha ya leso.
Kidole kinapita hewani, kulia kwenda kushoto,
hakigusi kioo. Anasoma kwa sauti ya kuchambua mchele:

*Hapa mwana meamka*
*kalamu nimeiweka*
*taa nayo yazimika*
*kesho nitarejelea.*

Basi.
Si nyumba, si kinga.
Namsikia punda, namsikia kifeni.
Nataka kumweleza juu ya urefu wa mawimbi,
kwamba doa huenda ni maziwa, au uji,
kwamba kuna namna ya kupima.
Sisemi.
Ananitazama kana kwamba mimi nilikuwako usiku ule,
nimeshika taa.

"Na mwana, alilala?"

Nafungua ukurasa wa arobaini na mbili
kwa kijiti cha mwanzi, polepole.
Mwandiko ule ule. Wino mpya, mzito zaidi,
herufi ya kwanza imekolea
kama ya mtu aliyepumzika kidogo.

Nafunika lenzi.
Nazima taa.
Safari hii naye anangoja nami dakika mbili,
bila kuuliza napiga nini.