Dramu Elfu Thelathini

Mkhitar kaipasua kama samaki,
skrubu kumi na moja kwenye kisosi cha chai;
ya kumi na mbili ilipotea zamani, hatuulizi ilikokwenda.
Nje, Gyumri imeganda. Mawe meusi ya kuta
yana theluji mabegani, kama mba.

Mimi mtunza hesabu. Maduka matatu na tanuri moja la mikate
nimeyabeba humu miaka kumi na mmoja,
wala senti haijapotea.
Sikuja kuchagua kwa moyo. Nimekuja na daftari,
na dramu elfu thelathini, na mstari mwekundu chini yake.

"Diski," asema, sikio kaliinamisha.
Inazunguka humo ndani kama mtu anayesaga meno usingizini.
"Hii haimalizi mwaka. Labda haimalizi mwezi."
Elfu kumi na saba. Naandika.

"Kumbukumbu." Gigabaiti nne, zimechomelewa ubaoni;
kando yake nafasi i wazi, haijawahi kukaliwa.
Naijua njaa hiyo. Nikifungua jedwali la kodi
na barua za benki pamoja, mashine hunyamaza,
ikanitazama kama shangazi Varsenik siku zile za mwisho:
uso anaujua, jina halipati.
Elfu kumi na nne.

"Betri." Hapo nikacheka.
Umeme ukikatika nina dakika saba
za kuhifadhi, kuzima, na kutukana.
Imevimba tumbo. Mkhitar kaichomoa kwa ncha za vidole,
kaiweka nje ya dirisha, juu ya theluji,
kama paka aliyekojolea zulia.
Mpya ni elfu kumi na tisa.
Nikaifuta kabla hajamaliza kutaja. Mashine yangu haitembei,
inakaa mezani kando ya jiko. Nami vivyo hivyo.

Kisha akageuza feni, akapuliza,
na chumba kikajaa unga.
Unga! Wa tanuri la Zaruhi, wa alfajiri zote
nilizopiga hesabu juu ya magunia.
Mkhitar akapiga chafya tatu. "Mama, humu ungeweza kuoka."
Na mimi mwaka mzima nasema imezeeka.
Kwa kusafisha hakunidai kitu.

Basi, diski na kumbukumbu: thelathini na moja.
"Hiyo elfu moja nakusamehe," kasema.
Mtu mwenye akili angeshukuru.
Mimi nikashika skrini. Ikaanguka nyuma, kama kawaida yake;
bawaba ya kushoto ilivunjika mwaka juzi,
tangu hapo naiegemeza kwenye chupa ya matango ya siki.

Vardges hupiga Jumapili, kutoka Krasnodar
anakomwaga zege. Mwaka huu hakurudi hata baridi ilipoingia.
Chupa huteleza. Katikati ya sentensi ananipoteza,
anabaki na dari.
Ule ufa wa dari anaujua kuliko uso wangu;
juzi kaniambia umefika kwenye taa.
Nywele nilikata Oktoba. Hajasema neno.

"Bawaba bei gani?"
"Bawaba?" Akanitazama kama niliyetaka kupakiwa rangi
gari lisilo na injini.
"Haiongezi kasi hata chembe."
"Bei gani."
Elfu tisa, ya mashine nyingine iliyokufa, ina kutu kidogo.

Diski kumi na saba, bawaba tisa. Ishirini na sita.
Zikabaki nne: moja nikanunua mishumaa,
tatu sijaziandika popote.
Matango nimeyala.

Kumbukumbu nimeiandika kwa penseli: mwakani.