Koti Namba Arobaini na Moja

Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri matako.
Mimi nimekula mkate wa nguo za kuazima
tangu kiwanda cha pamba kilipozima mashine zake
na Łódź ikabaki na dohani ndefu zisizotoa moshi.
Ghorofa ya pili, mlango wa bati, gonga kwa nguvu.
Nina vyuma vinne vya kutundikia, na daftari.

Siulizi wimbo unasema nini.
Nauliza: ng'oma ina haraka au ina hasira?
Hapo mkono wangu unakwenda wenyewe.

Wa disko huja wanne, wamenyoa, wananukia sabuni.
Suti nyeupe, mashati ya waridi,
gari lisilo na paa (la shemeji, lirudi kabla ya saa kumi),
shamba la ngano, na wasichana wawili
wanaotabasamu mpaka mashavu yawaume.
Jua liwe jingi. Katika disko hakuna mawingu;
hata anayeachwa, huachwa mchana kweupe.

Wa metali huja Januari, baridi ikikata masikio.
Wapole hao! Hufuta viatu mlangoni.
Zbyszek, mpiga gitaa lao, ni muuguzi wa watoto,
huniomba nimfunge mkanda wa misumari
kwa kuwa mgongo unamsumbua.
Kisha chokaa usoni, masizi machoni,
na safari ya shamba lilelile la ngano,
sasa theluji tupu na mabua meusi.
Baadaye mwongozaji huziondoa rangi zote
kama mtu anayefua shuka
mpaka lisahau maua yake.

Wa rapu hawataki kitu. Tuna nguo zetu, mama.
Husimama mbele ya maghorofa ya zege, mikono mifukoni,
wenzao ishirini nyuma, na mbwa.
Mbwa ni yuleyule kila video.
Jina lake ni la andazi, Pączek,
na anaogopa paka.
Lakini usiku, kesho yake wakipiga picha, simu hulia:
mama, lile koti lipo?

Lipo.
Manyoya ya mbweha, bitana ya hariri ya kahawia.
Mama yangu alilinunua kwa mishahara minane
akalivaa mara tano, mbili zikiwa mazishi.
Kwa rapu, koti hilo ni pesa.
Kwa metali, ni mnyama aliyemla mfalme.
Kwa disko ni mama mkwe anayeingia bila hodi,
watu wacheke.
Nami jioni, miguu ndani ya beseni la maji moto,
humtazama mama akipita kwenye kioo cha simu,
mara tajiri, mara jini, mara kichekesho,
na kola yake kila mara imegeuzwa visivyo.

Machi akaja binti mwembamba, Jagna, na kinanda begani.
Muziki gani? Sijui bado.
Ng'oma je? Hakuna ng'oma.
Mkono wangu ukabaki hewani.
Tukajaribu. Ndani ya suti nyeupe alikuwa mhudumu wa hoteli,
ndani ya ngozi alikuwa mtu aliyepotea njia.
Akafika kwenye namba arobaini na moja, asilivae.
Akauliza, lilikuwa la nani?

Miaka kumi na tisa, sijaulizwa hilo.
Nikaongea mpaka chai ikapoa,
nikachemsha nyingine, ikapoa nayo.

Hakukodi chochote. Alirudi Jumapili na kamera ya kuazima,
akalitundika koti dirishani kwangu, akasogea nyuma.
Dakika tatu na nusu: koti, dirisha, dohani moja,
njiwa aliyekuja bila kualikwa,
na sauti yake, chini kabisa,
kama anayeongea na mtu chumba cha pili.

Watu mia mbili na kumi wameitazama.
Karibu nusu yao ni mimi.
Bega la kushoto limelala vibaya.
Ningejua, ningelinyoosha.