Vyumba Saba

Tuna vyumba saba. Wageni waliolipa ni arobaini.
Hesabu hiyo aliifanya mke wangu, Nakiwala,
nyuma ya bahasha ya bili ya maji,
akaniachia mezani bila neno,
kwani tangu Pasaka hatusemezani
ila kwa karatasi.

Ijumaa, feri ikamshusha Lutoboka bibi harusi,
mashangazi sita wenye gomesi za rangi ya papai,
spika mbili kubwa kama makabati
na keki ya ghorofa nne, iliyopakatwa na binamu mmoja
kutoka Nakiwogo, saa tatu na nusu majini,
asithubutu hata kupiga chafya.

Nikawapa funguo. Nikawapa tabasamu.
Wengine wakalala shule ya parokia,
vijana kwenye mahema ufukweni,
pale palipokuwa na vibanda vyetu viwili
kabla ziwa halijapanda likavimeza,
likatuachia vizingiti na deni.
Deni la pili ni langu. Jenereta.
Mkopo niliutia saini peke yangu.
Ndiyo Pasaka yenyewe.

Usiku ule sami walikuja.
Mtu wa Kampala hawajui sami:
anaona moshi unatembea juu ya maji,
kisha moshi una mabawa,
kisha moshi umo ndani ya supu.
Birabwa, bibi harusi, akaangua kilio.
Nakiwala akazima taa zote za ukumbi,
akawasha moja tu, mbali, kwenye choo cha wafanyakazi,
na wingu zima likahamia huko
kama wakwe walioitwa kula.
Nilitaka kumsifu. Nikatafuta karatasi.

Jumamosi sitaieleza; harusi zote zinafanana
kwa anayeosha sahani.
Nakumbuka sato mia moja na nne,
matoke yaliyolala usingizi ndani ya majani yake,
pete iliyopotea, na watu wazima kumi na wawili
wamepiga magoti wakichekecha mchanga
kwa chujio langu la chai.
Ilikuwa ndani ya kiatu cha bwana harusi.

Saa mbili usiku umeme wa kisiwa ukakatika.
Spika zikafa katikati ya neno "milele".
Nikalisikia giza linavyopumua.
Halafu jenereta, ile ile,
ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.
Vigelegele. Nikageuka.
Nakiwala amesimama mlangoni mwa jikoni,
mwiko mkononi, ananitazama.
Hacheki.
Lakini hakuangalia pembeni.

Chumba chetu, namba tatu, tulimpa babu ya bwana harusi,
kwa hiyo tukalala stoo,
kati ya kreti za soda na magunia ya mchele,
godoro moja, la mtu mmoja na nusu.
Nje kuna aliyekuwa akitapika kwa adabu.
Hoteli imejaa; hata pa kununiana hapakubaki.
"Bado shilingi ngapi?" akauliza,
kwa sauti, si kwa karatasi.
Nikataja.
Akanyamaza muda wa kuhesabu.
"Wangelala gizani," akasema.
Baadaye sana, nilipodhani kasinzia:
"Siku nyingine uniambie kwanza, Lwanyaga.
Na usogee. Kreti inanichoma mgongo."

Jumapili feri ikawachukua.
Waliacha viatu vitatu, vyote vya kushoto,
ghorofa moja ya keki,
na shuka ishirini na sita za kufua.
Zilipokauka tulizikunja wawili,
yeye ncha mbili, mimi ncha mbili,
bila haraka, kama watu wasio na bili.
Maji yalikuwa yamesogea hatua moja karibu na veranda,
au pengine ni macho yangu.

Namba tatu imeshafagiliwa,
babu kaacha dirisha wazi na noti ya elfu tano chini ya mto.
Kitanda kipana, neti mpya.
Ni Jumatano leo.
Bado tunalala stoo.