Mkato Uliopinda

Baba yangu, Taisto, hakutengeneza gari hata moja.
Alichonga njia za maji.

Kiwandani walimpa tairi lisilo na kashata,
kipara, jeusi, laini kama goti la mtoto,
naye kwa kisu cha umeme chenye ncha ya moto
alitoa mpira uzi kwa uzi,
siku nne kwa tairi la kiangazi,
wiki mbili kwa la barafu,
mchoro wa wahandisi ukining'inia juu ya taa.
Nyumba yetu pale Sodankylä ilinuka mpira ulioungua.
Hata mkate. Hata gauni la mama la kanisani.

Nilikuwa na miaka tisa aliponipa kipande, akaniambia: soma.
Nikamwambia hakina herufi.
Akakishika kidole changu, akakiburura mferejini.

"Huu unaozunguka bila kukatika ni wa mvua.
Maji hayaombi ruhusa. Usipoyapa mlango
yatakaa chini yako, yakunyanyue,
na usukani utabaki pambo.
Hii mishale huelekea mbele;
ukilifunga tairi kinyume, linajimwagia maji
palepale linapotaka kukanyaga.
Hili lina nje na ndani, lina uso na kisogo:
bega la nje limeshiba, kwa ajili ya kona,
la ndani lina kiu."

Na hizi nywele?

"Za barafu. Kila mpasuo una kingo mbili,
kila ukingo ni ukucha.
Barafu haitishwi na misuli,
hushikwa na kucha nyingi ndogo."

Na theluji?

"Theluji hushikwa na theluji. Iache ijae kwenye kashata."

Nikauliza lipi bora. Akazima kisu.
"Bora wapi?"

Alikuwa na jambo jingine: hakuna vipande viwili jirani
alivyovilinganisha. Vikilingana, alisema,
tairi hupiga mluzi mmoja hadi Helsinki
na dereva hufika ana chuki asiyojua imetoka wapi.

Siku niliyozaliwa simu ya hospitali ililia
na kisu kikapinda.
Mkato mmoja, begani, ukaenda upande
kama unyusi wa mtu anayeuliza.
Alikuja mbio wodini, mikono myeusi.
Aliporudi kazini kuuziba, walikuwa wameshalipeleka tairi uwanjani,
breki zimeshika vizuri, hakuna aliyejua kwa nini,
wala aliyetaka kugusa.
Wakasubu kalibu hivyo hivyo.

Sasa kompyuta huchonga. Baba hayupo.
Mimi nafungua nati na kufunga nati, Rovaniemi,
Oktoba, foleni imefika kituo cha mafuta,
mji mzima umekumbuka baridi siku moja.

Jana mama mmoja, Hilppa, kaleta manne ya zamani.
Nikazamisha kipimo: milimita mbili na nusu.
Sheria ya majira haya inataka tatu.
"Si bado yana kashata?" akasema. "Na mimi naendesha polepole."
Nikaligeuza moja kwenye mwanga ili aone mwenyewe,
na pale begani, karibu kufutika,
unyusi ulikuwa bado unauliza.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi?
Niliweka ukucha kwenye mkato.
Ukaingia nusu, ukagonga mwisho.

Nyuma yetu mtu alipiga honi.

"Hili halishiki tena, mama," nikasema,
nikalitupa kwenye lundo. Likadunda mara mbili,
likalalia wenzake, uso chini.

Hilppa akayatazama mapya,
akauliza hii mistari yote ni ya nini, au ni urembo tu.
Nikafuta mikono, nikamwomba kidole.

Honi ikalia tena. Ikalia.