Kofia ya Dundu

Saa moja na nusu. Ng'ombe wamekwisha toka zizini,
samadi bado inafuka.
Nimepiga magoti juu ya gunia tupu la mbolea,
daftari pajani, saa ya mbio shingoni.

"Shule yote ile," anasema mama mkubwa Ndalu,
"miaka minne Dodoma mjini,
umerudi Chipanga kusomea mavi?"

Dundu hana muda naye. Amekata bonge lake,
amelifinyanga likawa mviringo usio na aibu,
sasa amepanda juu, anazunguka,
anasita,
anazunguka tena.
Usidhani anacheza. Anasoma mbingu.

Kuna nuru ambayo mimi na wewe hatukupewa.
Jua likichomoza, anga lote huchanwa
kama nywele za mtoto kabla ya kusukwa,
mistari kwa mistari,
na ukingo wa juu wa jicho la dundu
huupapasa ule mchano, hujua chanuo limepita wapi.
Ndani, katika ubongo usiofika punje ya uwele,
chembe zimepangwa bega kwa bega kama meno ya ilimba:
jua likiwa huku, hulia jino hili;
akigeuka kidogo, hulia la jirani.
Hiyo ndiyo dira yake. Anaishika sauti moja,
anashuka, anasukuma kinyumenyume,
kichwa chini, miguu ya nyuma juu ya mzigo,
na bado amenyooka kama uzi wa mwashi.

Haendi nyumbani. Hilo lilinichukua siku kulielewa.
Anawakimbia wezi wa pale kwenye lundo,
na mstari mnyoofu
ndio njia fupi ya kuwa mbali.

Nilimshonea kofia: kipande cha boksi la dawa ya meno,
gundi tone moja.
Akazunguka. Akapinda. Akarudi
na mali yake yote katikati ya wezi.
Nikaandika: mizunguko mitatu, dakika nne.

Mama mkubwa, vikope vilimwanza utotoni;
kope zikageukia ndani
zikamkwangua vioo vya macho mpaka vikawa maziwa.
Kisimani huenda kwa shavu.
Asubuhi joto likiwa kushoto, kisima kiko mbele;
kurudi, hulihamishia kulia.
Hajawahi kukosea, na hapendi kushikwa mkono.

Jumatano ile ya Februari wingu lilitanda kutoka upande wa Bahi,
zito, kijivu, bila shavu la kuotesha.
Kilibaki kipande kimoja cha buluu
kama kitenge kilichosahauliwa kambani,
na dundu wangu, asiye na kofia, alikiona,
akakisoma, akanyooka.
Nilitaka kupiga kelele za furaha. Nikaandika.

Nilipoinua kichwa, yuko kwenye uwanda mweupe,
ndoo kichwani, anazunguka.
Mzunguko wa kwanza niliuona.
Wa pili
niliuhesabu.
Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi
ndipo nikaamka.

Nilimshika kiwiko. Hakukataa,
na hilo ndilo lililoniumiza.
"Maji yamemwagika," alisema,
kama mtu anayezungumzia maji.

Mlangoni akauliza: "Na yule wako, amefika?"
"Hana pa kufika, mama. Anaondoka tu."
"Mpumbavu," akasema, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga,
sikujua ni mimi au ni yule.
"Leta kata, ninywe haya yaliyobaki."

Ukurasa ule una alama mbili zisizo na namba ya mdudu.
Msimamizi akiniuliza, nitasema mvua ililowesha.
Kofia iko mfukoni mwangu bado.
Usiku huivaa kwenye ncha ya kidole.
Inakaa sawasawa.