Salfa Kwenye Miksa

Mwezi wa saba Lulindi nzima ni ya njano:
majani ya mikorosho, kope za watoto,
shuka ulilolikung'uta jana tu.
Salfa haibishi hodi. Inaingia hadi kanisani,
hadi ndani ya miksa, chini ya vitufe vya kuteleza,
na Jumapili, nikipandisha cha nne,
spika inakohoa kabla ya padre.

Ndiyo maana nafika alfajiri
na brashi ya rangi niliyoikata fupi,
na spiriti robo chupa.
Napangusa. Nachomeka. Naijaribu maiki:
moja, mbili. Moja, mbili.
Sijawahi kufika tatu.
Popo wa darini ndio wanaoitikia.

Mnaonijua mnanijua kwa makosa.
Maiki ikipiga mluzi, shingo mia mbili zinageuka
kama alizeti zilizokosea jua,
na Mzee Chilumba, mhazini, ananikodolea
jicho la mtu aliyepunjwa kwenye mizani.
Mambo yakienda sawa, hakuna fundi.
Sauti inatoka tu,
kama maji ya bomba kwa wasioijua pampu.

Spika hizi ni korosho.
Kilo tano kila kaya, msimu ule
malipo ya ghalani yalipochelewa hadi Kwaresima.
Bibi Akwilina alileta tatu na nusu kwenye pindo la khanga,
akauliza: hii nusu yangu itasikikia upande gani?
Nikamwambia, kushoto.
Tangu siku ile anakaa kushoto.

Na nikiri jambo, maadamu hapa hakuna maiki:
miaka sita sijasikia mahubiri.
Nasikia "s" za Padre Nandonde zinavyochoma, nazipunguza.
Nasikia pumzi yake, feni, mtoto wa safu ya tatu,
waya wenye lehemu iliyochoka.
Akisema wokovu,
mimi nasikia besi imezidi.

Jumapili ya mavuno umeme ulikatika
katikati ya neno:
"Ndugu zangu, Mungu hawezi ku—"
Jenereta haikuwa na petroli
(petroli ilikwenda wapi, tuyaache;
kulikuwa na harusi kwa katibu).
Taa nyekundu ya miksa ikafa.
Mikono yangu ikabaki juu ya vitufe
kama ya mtu anayepapasa mfukoni
pesa aliyokwisha kuitumia.

Padre akaitazama maiki. Akaiweka chini.
Akashuka ngazi mbili,
na sauti yake, ile yenyewe,
nikaijua kwa mara ya kwanza: nyembamba,
yenye mkwaruzo wa mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.
Miaka sita nimekuwa nikiivalisha joho.

Watu wa nyuma wakainuka, viti vya plastiki mikononi,
wakasogea. Hata vijana wa mlangoni.
Hata Bibi Akwilina akaiacha nusu kilo yake
akaenda kuketi katikati.
Nikabaki na meza, na mbuzi wa sadaka
aliyefungwa kwenye nguzo akitafuna mbaazi za Bwana,
nikasikia sentensi, mwanzo hadi mwisho.
Sitawaambia ilikuwa ipi.
Haikuwa nzuri sana. Ilikuwa nzima.

Umeme ulirudi. Taa nyekundu ikawaka,
spika zikatoa ule mguno wao mdogo
wa mtu anayetaka kubembelezwa aseme.
Katibu akanipungia kutoka mbele: pandisha! Pandisha!
Kidole changu kilikuwa kwenye cha nne.
Kikakaa hapo hapo.

Jioni nikaandika kwenye daftari la vifaa:
Umeme: ulikatika saa 3:40 hadi 4:05.
Petroli: aulizwe katibu.
Kitufe namba nne: kiligoma kupanda.
Chanzo: salfa.