Joto Halina Jina

Milioni moja na laki mbili, nimezifunga kwenye pindo la kanga,
zimelala kifuani tangu alfajiri ya Kimbiji.
Kaya kumi na nne. Bi Chausiku alitoa elfu ishirini na jogoo;
jogoo tukamuuza Kibada, tukaandika kwenye daftari.

Duka la Tweve liko Kariakoo, ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey,
nyuma ya maboksi ya feni.
Akauliza, "Mwindaji ni mzee wa nyumbani?"
Mwindaji ni Kondo. Kondo ana kibali cha nguruwe pori,
ana bunduki, ana macho yaliyopita miaka sitini.
Mimi nina muhogo. Na daftari.

"Chukua hii, mama, inaona kilomita nzima."
Inaona nini, huko kilomita nzima?
"Joto."
Nikaielekeza dirishani: mwanamke wa kijivu ananichungulia,
shingo nyeupe, pua nyeusi. Kumbe mimi.
"Kioo hakipitishi joto," akasema, akafungua dirisha.
Chini, saa nane mchana, lami inang'aa, mabati yanang'aa,
bodaboda, ukuta, mgongo wa kuli, weupe mmoja.
Mchana wa Dar kila kitu ni nguruwe.

Nikamwambia nitasubiri usiku.
Akacheka. Nikavuta boksi, nikakaa.
Wateja wa feni wakaja wakaondoka. Ikaadhiniwa magharibi, ikaadhiniwa isha.
Nikashuka kununua muhogo wa kukaanga,
mimi, wa kununua muhogo,
nikautafuna polepole kama mtu anayesoma barua ya deni.

Kuta zilipopoa kidogo, tukarudi dirishani.
Ile ya kilomita: kwenye paa la jirani, punje ya wali inawaka.
Paka? Kuku? Mtoto aliyepanda kurekebisha antena?
Tweve akavuta picha karibu; punje ikawa tonge.
Tonge halina masikio.

Sikumweleza habari za Sikitu.
Mwezi wa tatu mwaka jana, tochi, mahindi yanachakarika,
Kondo akafyatua.
Sikitu alikuwa amechuchumaa, haja zake, shambani kwake.
Anatembea sasa. Risasi ilipita kwenye nyama ya mguu.
Ila Kondo humsalimia kwa mbali, na hukatisha njia nyingine.

"Nipunguzie umbali," nikasema, "uniongezee masikio."
Akanitazama. Kisha akatoa moja kutoka droo ya chini,
mpira umechubuka, kifuniko kimefungwa kwa uzi wa viatu.
Iliuzwa na mtu wa Rufiji aliyeishiwa.
"Hii haifiki mbali. Hatua mia mbili, ukibahatika."
Betri inatoka? Inatoka. Ya akiba inapatikana?
"Hata kwa wauza tochi, pale chini."
Nikachungulia: kuli amelala juu ya mkokoteni wake,
mkono mmoja chini ya shavu. Nikahesabu vidole.
Nikahesabu tena, maana nilidhani vinne.

Milioni na laki tatu, alisema.
Nikasema nauli, nikasema betri, nikasema jogoo wa Bi Chausiku.
Tukafika milioni na laki moja, tumechoka wote wawili.

Nikafungua kanga, nikamwaga noti kwenye kaunta,
nikaziangalia kwa kile chombo kabla hakijawa chetu.
Ziliwaka zote. Joto la kifua changu, siku nzima.
Tweve akahesabu, akizitandaza moja moja,
nazo zikazima moja moja,
zikabaki alama za vidole vyake, nazo zikaenda.

Kwenye foleni ya pantoni Kondo akapiga simu.
Umepata? Nimepata.
Inaona mbali kiasi gani?
Nikasema, itakaa mkononi mwangu.
Akanyamaza. Nilimsikia akikohoa, akiwa nje, gizani.
Wewe shika bunduki, Kondo.
Mpaka niseme masikio.